Kabla Hujaileta Virago Kariokor

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja tu: yule aliyeona Yamaha Virago inauzwa, akaikodolea macho picha yake mpaka simu ikaisha chaji, na sasa anawaambia watu wa nyumbani kwamba anakwenda "kuiangalia tu". Wengine endeleeni na shughuli zenu. Wewe wa kuangalia tu, vuta kiti.

Kwanza elewa unakoipeleka. Kariokor ni mtaa uliozaliwa na mizigo. Wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ndio walioupa jina, kama walivyoipa jina Kariakoo ya Dar es Salaam. Mwaka 1916 Waingereza walileta huku hata kikosi cha pikipiki kutoka Afrika Kusini kimwinde von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani. Mvua ziliponyesha magurudumu yakazama, mbung'o wakawamaliza farasi na nyumbu, na mzigo ukarudi kichwani mwa mtu. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi makwao. Tangu hapo chochote chenye injini kikiingia mtaani huulizwa swali moja: kinabeba nini?

Boxer inabeba. BM150 ya Bajaj, injini ya cc 144.8, hubeba abiria wawili na mtoto, kreti za mikate, mlango wa chuma, kochi la viti vitatu, mbuzi aliye hai na mbuzi asiye hai, na jioni ikalipa mkopo wa siku. Virago haibebi kitu. Kiti cha nyuma kilishonwa kwa ajili ya abiria mmoja mwembamba mwenye subira, na tanki limeinama kiasi kwamba hata mkate hautulii juu yake. Kama umelielewa hilo na bado unaitaka, basi umeshapotea, na kazi iliyobaki ni kukupoteza kwa utaratibu.

Utaulizwa ukoo wake, kwa hiyo ujue. Kwa miaka mingi pikipiki za kuketi kizee, kiti chini, usukani juu, miguu mbele, zilikuwa mali ya Harley-Davidson. Wajapani walikuwa wakichukua pikipiki zao za kawaida, wanazipachika usukani mrefu na kiti cha ngazi, basi. Mwaka 1981 Yamaha ikaamua kuanza upya. Ikaleta XV750 Virago: silinda mbili zilizotanuka kwa umbo la V la nyuzi 75, zinapozwa na upepo, na nguvu inakwenda gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Fremu haikuizunguka injini. Injini yenyewe ilikuwa sehemu ya fremu. Nyuma kulikuwa na shokamzoba moja tu, imefichwa chini ya kiti, jambo ambalo wazee wa Harley waliliona kama utovu wa adabu. Honda ilifuata na Shadow mwaka 1983, Suzuki na Intruder mwaka 1985. Leo mazungumzo ya kruza za Kijapani yakianza, Shadow itatajwa, Intruder itatajwa, halafu atapita muuza njugu na mada itabadilika. Aliyetangulia hatajwi.

Sehemu ya historia itakayokufurahisha kama Mkenya ni ya ushuru. Mwaka 1983 Harley-Davidson ilikuwa taabani, na Rais Ronald Reagan akapandisha ushuru wa pikipiki za nje zinazozidi cc 700 kutoka asilimia 4.4 hadi 49.4. Yamaha hawakulia. Waliipunguza injini: 750 ikawa 699, na Virago ikaingia Marekani ikipita chini ya mstari bila kuugusa. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri kontena pale bandarini Mombasa ataivulia kofia akili hiyo. Mwaka 1987 Harley wenyewe waliomba ushuru uondolewe kabla ya muda wake, kwa kuwa walikuwa wameshasimama, na Virago ikawa imeshazoea maisha ya kudharauliwa.

Zile kubwa, 1000 na 1100, waachie wenye gereji yenye mlango na ndugu Ulaya. Zitakazokutega wewe ni wadogo zake, XV535 iliyotoka 1987 na XV250 iliyofuata 1988. Hiyo ya pili ina cc 249, na hapa utasikia moyo ukidunda, kwa sababu mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizofika cc 250. Nafuu hiyo ilikusudiwa boda boda, haikukusudiwa wewe na jaketi lako la ngozi, lakini wakati ule 249 ilikuwa 249. Usishangilie sana, hata hivyo. Sheria ya ushuru wa bidhaa ya 2015 ilikuja na shilingi 10,000 kwa kila pikipiki inayoingia nchini, iwe ya kubeba mikate au ya kubeba majivuno, na baadaye kiasi hicho kikapandishwa.

Sasa siku ya kuiangalia tu imefika. Muuzaji atakuambia ilikuwa ya mwanamke, na kwamba alikuwa akiiendesha Jumapili peke yake. Mwanamke huyu ameuza magari na pikipiki nyingi sana Nairobi. Sijui anapata wapi muda wa kwenda kanisani. Kwa XV535, ukweli ni kwamba huko Ulaya wanawake wengi na waendeshaji wapya waliipenda kweli, maana kiti kiko sentimita 72 tu kutoka ardhini na hata mtu mfupi anakanyaga chini kwa miguu yote miwili. Kwa hiyo huenda safari hii muuzaji hadanganyi. Angalia logbook hata hivyo. Namba ya chesi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu ilingane na ya kwenye karatasi, na ya injini vilevile. Kama logbook iko kwa jina la marehemu na warithi wanne hawaongei, sema asante kwa chai na uondoke.

Muuzaji akilipigapiga tanki kwa kiganja kukuonyesha uimara wake, mwache afurahi. Kama ni XV535 za mwanzo, anapigapiga kifuniko. Petroli ilikaa chini ya kiti, lita 8.6, na lile bonge zuri la chuma lililo mbele yako lilikuwa pambo la kufunika mambo mengine. Baadaye Yamaha waliona aibu, wakaweka mafuta na huko juu pia, jumla ikawa lita 13.5. Kwa kuwa tanki la chini liko chini kuliko kabureta, mafuta hupandishwa na pampu ya umeme. Fungua swichi usikilize: inapaswa kufanya tik-tik-tik kisha inyamaze. Ikiendelea kutiktika bila kunyamaza, kuna mahali inanyonya hewa. Isipotiktika kabisa, muuzaji atasema ni batri tu. Kila kitu ni batri tu, mpaka siku utakaponunua batri.

Halafu stata. Hapa naomba utulivu. Virago kubwa za miaka ya kwanza, 1981 hadi 1983, zilipata sifa mbaya dunia nzima kwa sababu ya stata: meno yanakwenda kushika, hayashiki vizuri, na kinachotoka ni mlio wa vijiko vilivyotumbukia kwenye mashine ya posho. Ndogo zina afadhali, lakini nazo zikizeeka klachi ya stata huteleza. Sasa tazama upande wa kulia wa injini, pale ambapo Boxer ina kiki. Hakuna kitu. Mjapani aliamini stata yake. Ikigoma utaisukuma, na XV535 ikiwa na mafuta inakaribia kilo 200, kwa hiyo kabla hujalipa chunguza kama kwenu kuna mteremko, na kama kuna vijana wanaoamka mapema.

Umelipa. Najua umelipa. Unaingia nayo Kariokor kutokea Ngara, na steji ya kwanza ya boda boda inakuona.

"Buda, hii si ni Harley?"

Usikanushe. Ukikanusha itabidi ueleze, na ukieleza utafika kwenye Reagan, na abiria wa watu watachelewa. Sema "ni ndugu yake" uendelee. Swali la pili litakuwa "inakunywa aje?", na hilo ni zito, hasa likiulizwa baada ya tarehe 14, siku ambayo EPRA hutangaza bei mpya za mafuta. XV535 ikienda kilomita 20 kwa lita mjini imejitahidi. Mwenye Boxer atafanya hesabu kimya, midomo ikicheza, kisha atakutazama kwa huruma ambayo hukuitarajia kutoka kwa mtu uliyedhani unamringia. Swali la tatu halina jibu na usijaribu: "Na hizo pesa si ungepata Boxer ngapi?"

Nyumbani utakuta lile lile kwa sauti ya upole. Mama atatoka, aizunguke mara moja, aguse kioo cha pembeni, aseme, "Ni nzuri, mwanangu. Sasa steji yako itakuwa wapi?" Mwambie ni ya kutembelea. Atanyamaza. Jioni utasikia akimwambia jirani kwamba kijana amepata mashine ila bado anatafuta steji.

Kuhusu fundi, nitakuwa mkweli. Fundi wa nduthi wa Eastlands ni mtu hodari. Atakufungulia Boxer na kuifunga huku akila muhogo. Lakini amezoea silinda moja na kabureta moja. XV535 ina kabureta mbili zinazopaswa kuvuta pumzi sawasawa, na ndani ya kila moja kuna utando wa mpira ambao ukipasuka hata kwa tundu la sindano pikipiki inakuwa nzito upande mmoja. Isitoshe, uko Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na pikipiki iliyorekebishwa kwa ajili ya mji wa bandarini huku hupata mafuta mengi kuliko hewa. Utavua plagi na kuikuta nyeusi tii. Fundi atasema plagi ni mbaya. Mpya nayo itakuwa nyeusi ndani ya wiki. Atasema hiyo mpya ilikuwa feki, na kwa kuwa feki zipo kweli mjini, mtaweza kuendelea hivyo mpaka Krismasi.

Tafuta yule mzee. Kila mtaa una mmoja: hana bango, ana sanduku la spana lililochakaa, na alianza kazi enzi za pikipiki za maafisa wa kilimo. Utamjua kwa namna anavyofanya. Hatagusa kitu kwanza. Ataiacha iungurume, ataweka ncha ya bisibisi kwenye kichwa cha silinda ya mbele na mpini wake sikioni, asikilize, kisha ahamie ya nyuma. Halafu atapeleka kiganja nyuma ya kila ekzosi, akipima kwa ngozi ni ipi inapuliza kwa nguvu, huku mkono wa pili ukizungusha skrubu robo kwa robo. Silinda ya nyuma atakukumbusha uionee huruma, maana ya mbele inaizibia upepo, na kwenye msongamano ndiyo inayopika. Ukimpata mtu huyu usimtaje kwa yeyote. Mnunulie chai.

Spea ni habari nyingine. Pale Kirinyaga Road, ambayo watu bado wanaiita Grogan, utaulizia gasketi ya Virago na utajibiwa kwa uhakika, "Iko, keti kidogo." Utaketi. Kijana atatumwa, atarudi na gasketi ya kitu kingine, na utaambiwa itaingia tu ikikatwa hapa. Kama yako ni 250 una bahati kidogo: viwanda vya China, Lifan kikiwa kimojawapo, viliinakili injini ile, kwa hiyo baadhi ya vipuri vinapatikana kwa njia hiyo. Mwenye 535 atafute binamu Uingereza anayesafiri na begi lenye nafasi. Faida ya uyatima huu ni kwamba mwizi wa spea naye hana soko. Ataiangalia usiku, atapiga hesabu zilezile za yule wa steji, achukue vioo vya pembeni na kwenda zake.

Sasa twende sokoni, kwa sababu ni hapa ambapo Kariokor inaizidi Tokyo. Kruza bila mikoba ya ngozi ubavuni ni kama haijavaa, na huko nje mikoba hiyo ni bei ya kukuliza. Katika Soko la Kariokor kuna mafundi ambao wamekula kwa ngozi na tairi maisha yao yote: akala, mishipi, vipochi, vikapu vya kiondo vinavyotiwa mikanda. Mwone anayekata akala. Ametandaza kipande cha tairi juu ya gogo, anachovya kisu kwenye mkebe wa maji ili mpira usiking'ang'anie, na anazunguka alama ya wayo bila kuinua mkono, ukanda mweusi ukijikunja pembeni. Ukimwonyesha Virago hatatoa futi. Atachukua karatasi ya boksi, ataikunja ubavuni mwa kiti, aipige alama kwa ukucha, na kutoka hapo ana ramani ya mkoba wako. Matundu atayatoboa kwa nyundo, moja baada ya jingine kwa nafasi sawa, halafu uzi uliopakwa nta utapita na sindano mbili zikipishana, ili mshono ukikatika upande mmoja ule wa pili ushike. Mikoba hiyo itaishi kuliko stata.

Mambo matatu uyakatae mapema. Hutaki shanga za bendera ya Kenya kwenye kila kamba. Atakushawishi, na zinavutia, lakini utafanana na duka la watalii linalohama. Hutaki jina lako lichomwe kwenye kifuniko, maana siku moja utaiuza. Na hutaki mkoba wa kulia ushuke chini sana, kwa sababu ekzosi ziko huko. Hili la mwisho ni la hatari kuliko unavyodhani. Mtaa mwingine wowote, ngozi yako ikianza kuungua mtu atapiga kelele. Kariokor, penye majiko ya nyama choma mchana kutwa, watu watavuta pumzi ndefu na kuuliza mbuzi wa leo ni wa nani.

Kwenye choma yenyewe, iegeshe mahali unapoiona. Sababu yake ni watoto zaidi kuliko wezi. Mmoja akishapanda kupigwa picha, foleni imeanza. Wa kanjo atakuja kuuliza kuhusu ada ya kuegesha. Mara nyingi kinachomleta hasa ni kuuliza kama ni Harley. Agiza mbavu, kula polepole, jibu maswali.

Na ukishashiba, kuna saa ya Jumapili alasiri ambayo lazima nikuambie, la sivyo mwongozo huu utakuwa umekuonea. Toka kwa Juja Road, pita Pangani, shika Thika Road ikiwa na nafasi. Ipe gia ya nne na usiikimbize. Haikuumbwa kwa mbio, na vijana wa pikipiki za cc 1000 watakupita wakilalia tanki kama wanaofukuzwa. Wewe umeketi wima. Injini inapiga taratibu chini yako, silinda moja ikisema na nyingine ikiitikia. Hakuna abiria wa kuwahishwa, hakuna kreti ya kusawazisha, hakuna wa kumpelekea hesabu jioni. Pikipiki zote unazozipita ziko kazini. Nimezitafuta nyingine zisizo kazini kati ya Ziwani na Gikomba, na zilizo nyingi zimevunjika.

Punguza mwendo ukirudi. Tumbo la Virago liko chini na matuta ya mtaani hayakuwasiliana na Yamaha. Yapande kwa mshazari, taratibu, na usijali anayekupigia honi nyuma. Ni Boxer yenye kochi.

Siku ya kuiuza itafika, kwa kawaida mwezi wa Januari, karo zikiwa mlangoni. Ioshe. Ipashe moto kabla mnunuzi hajafika, ili stata isijaribiwe ikiwa baridi. Atakuja mtu mwenye macho yale uliyokuwa nayo wewe, na atasema amekuja kuiangalia tu. Mpe kiti, mpe chai, mweleze habari za Reagan, na kama mkeo aliwahi kuipanda hata mara moja, una haki ya kusema ilikuwa ya mwanamke. Logbook mhamishie siku hiyohiyo. Funguo mpe zote mbili. Mikoba ya Kariokor iuze pamoja nayo kama anaongeza bei. Ile stata ya akiba uliyoletewa na binamu, iliyo kwenye boksi chini ya kitanda, usiitaje sasa. Atakupigia simu mwenyewe.